Mjusi wa Lindi kwenye rafu za dunia: kwa nini Ruangwa na Nachingwea zitengeneze wa kwao

Kisanamu cha dinosaria aitwaye Kentrosaurus kikiwekwa mezani huchukua nafasi ya kiganja kimoja tu. Kichwa ni kidogo na kimeinama, kama cha mnyama anayelisha. Shingoni kuna mabamba membamba yaliyosimama mawili mawili. Yakifika katikati ya mgongo yanaanza kuchongoka, na kutoka nyongani hadi ncha ya mkia ni miiba mitupu. Ukikipindua, chini ya tumbo au kwenye nyayo utakuta alama ya kampuni, mwaka wa kalibu na nchi ya kiwanda. Mahali alikotoka mnyama mwenyewe hapatajwi. Na mnyama huyu anajulikana kutoka sehemu moja tu ya dunia, nayo ni Tendaguru, mkoani Lindi.

Visanamu vya namna hii havinunuliwi na watoto peke yao. Ulaya, Marekani, Japani na China kuna watu wazima wanaovikusanya kwa miaka, wanaolinganisha toleo la kampuni moja na la nyingine, na wanaojua kila kosa la kila kalibu. Kundi hilo limenenepeshwa na gemu za kubuni za kisayansi. Katika ARK: Survival Evolved, gemu ya Studio Wildcard iliyotoka rasmi mwaka 2017, mchezaji huzinduka kwenye kisiwa ambacho kumbe ni chombo kinachoelea angani, na humo anaishi na dinosaria. Kentrosaurus yumo, tena kwa jina hilohilo. Katika Jurassic World Evolution ya Frontier Developments, iliyotoka mwaka 2018, mchezaji huendesha hifadhi. Anatuma timu za wachimbaji kwenye maeneo yenye visukuku, wanarudi na mifupa, maabara inamfufua mnyama. Humo nako Kentrosaurus yupo. Aliyemfuga kwenye kioo hutamani kuwa naye mezani, na viwanda vinalijua hilo.

Hoja ya makala haya ni moja. Kisanamu cha mnyama wa Tendaguru hakiwezi kuhukumiwa sawasawa kwa rangi, viungo na kipimo peke yake, kwa sababu asili yake ni sehemu ya ubora wake. Na wenye haki ya kwanza ya kutaka asili hiyo iandikwe, wenye malighafi na mikono ya kutengeneza cha kwao, ni watu wa nchi ya Wamwera: Ruangwa, Nachingwea na Lindi.

Namna ya kukikagua

Tuanze na vigezo vya wakusanyaji wenyewe, kwa kuwa ni vigezo vya haki na vinafundisha. Cha kwanza ni kipimo. Mifululizo mingi inayoheshimika, ukiwemo ule wa Carnegie uliotolewa na kampuni ya Safari Ltd ya Marekani kuanzia mwaka 1988, ilifuata 1 kwa 40. Kwa kipimo hicho Kentrosaurus, aliyekuwa na urefu wa mita nne na nusu hivi kutoka pua hadi mkia, anapaswa kuwa na sentimita 11. Giraffatitan, yule mjusi mkubwa ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13.27, anapaswa kufika sentimita 33. Weka wawili hao pamoja, na jicho litakuambia kitu ambacho kitabu kinahangaika kukieleza: mmoja anapita chini ya tumbo la mwenzake. Ndiyo maana kipimo kisichofuatwa ni kasoro kubwa. Kentrosaurus aliyetengenezwa sawa kwa ukubwa na Giraffatitan anamdanganya mtoto kuhusu mbuga nzima walimoishi, miaka milioni 150 iliyopita.

Kigezo cha pili ni umbile, na hapa mkaguzi anahitaji kujua mahali pa kutazama. Kwa Kentrosaurus, tazama bega. Mnyama huyu alikuwa na mwiba mrefu wa ziada kila upande. Wajerumani waliounganisha mifupa yake mara ya kwanza waliuweka nyongani. Baadaye, ndugu zake waliochimbuliwa China walipokutwa na mwiba kama huo begani, wataalamu wengi waliuhamishia huko. Kwa hiyo kisanamu chenye mwiba nyongani kimefuata elimu ya zamani, na chenye mwiba begani kimefuata ya sasa. Kisha tazama mkia. Ukilala chini ukiburuzwa, hiyo ni kazi ya kizamani au ya kizembe. Mtafiti Heinrich Mallison, aliyetengeneza mfano wa kompyuta wa mifupa ya mnyama huyu, alionyesha kuwa mkia ule ulibebwa juu ya ardhi na uliweza kuzungushwa kwa upana mkubwa kumpiga adui. Visanamu vya vitendo, vile vyenye mkia unaochapa ukibonyeza kitufe, hubezwa na wakusanyaji kwa sababu maungio yake huharibu ngozi. Kwa mnyama huyu kuna la kuvitetea: kuchapa kwa mkia ndiyo ilikuwa silaha yake.

Kwa Giraffatitan, tazama nyayo za mbele. Mnyama huyu alikuwa na ukucha mmoja tu kwa kila mguu wa mbele, kwenye kidole gumba. Visanamu vingi vya bei rahisi humpa kucha tano zilizopangwa kama za tembo. Tazama pia miguu yenyewe: ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo wake unateremka kutoka begani. Mkaguzi akiyajua hayo mawili hahitaji kusoma maandishi ya boksi kujua kama mtengenezaji alifungua kitabu.

*"Mkaguzi akiyajua hayo mawili hahitaji kusoma maandishi ya boksi kujua kama mtengenezaji alifungua kitabu."*

Uso uliotoka Tendaguru

Sasa tufike kwenye kiini. Mnyama anayeitwa Brachiosaurus alipewa jina hilo mwaka 1903 na Mmarekani Elmer Riggs, kwa mifupa iliyopatikana Colorado. Mifupa ile ilikuwa michache na haikuwa na fuvu. Mwaka 1914 Mjerumani Werner Janensch alimtangaza mjusi wa Tendaguru kuwa wa jamii hiyohiyo na kumwita Brachiosaurus brancai. Huyu alikuwa na fuvu, alikuwa na shingo, alikuwa na miguu ya mbele na ya nyuma. Mwaka 1937 akasimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Tangu hapo, kila mchoraji, kila mtengeneza filamu na kila kiwanda cha plastiki kilichotaka Brachiosaurus kilimtazama mjusi wa Lindi. Lile tao la mfupa juu ya pua, alama ambayo mtoto yeyote huitambua, ni tao la fuvu la Tendaguru. Brachiosaurus wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, ambaye umaarufu wa visanamu na gemu umejengwa juu yake, ana kichwa hicho, ingawa hadithi inamwita kwa jina la mnyama wa Marekani.

Mwaka 2009 mtafiti Michael Taylor alilinganisha mifupa ya pande mbili na kuhitimisha kuwa hawa ni wanyama wawili tofauti. Wa Marekani akabaki Brachiosaurus, wa Tanzania akawa Giraffatitan, jina lililokuwa limependekezwa na Gregory Paul mwaka 1988. Kwa mkusanyaji makini uamuzi huo una maana kubwa. Vingi kati ya visanamu vilivyouzwa kwa miongo kama Brachiosaurus vina sura na umbo la Giraffatitan. Vimeandikwa jina la mmoja na kuvalishwa mwili wa mwingine. Kosa hilo si la rangi wala la kucha, ni la utambulisho, na linapimika kwa vigezo vilevile ambavyo wakusanyaji wanajivunia. Mkaguzi anayekata alama kwa sababu ya ukucha wa ziada anawezaje kunyamaza mbele ya mnyama mzima aliyebadilishiwa nchi?

Hata makosa ya visanamu yanasimulia habari hiyohiyo. Kwa takriban miaka 70 mjusi wa Berlin alisimama na miguu ya mbele iliyopinda viwiko na mkia unaoteremka hadi chini, na visanamu vya miongo ile vikasimama hivyo. Jumba lile lilipofanyiwa ukarabati na mifupa kuunganishwa upya, likafunguliwa mwaka 2007 likiwa na mjusi mwenye miguu iliyonyooka na mkia ulioinuliwa. Viwanda navyo vikabadili kalibu zao. Mfupa wa Lindi ukisogezwa Berlin, plastiki inasogea dunia nzima.

Mikono iliyochimba

Kwenye gemu uchimbaji ni kitufe na fedha kidogo. Tendaguru haikuwa hivyo. Mwaka 1906 Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya madini, alikuta mfupa mkubwa umejitokeza ardhini karibu na kilima. Mwaka uliofuata Eberhard Fraas alifika kutazama, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa kwanza na Janensch na Edwin Hennig, ulichimba. Wazungu walikuwa wachache mno. Kazi ilifanywa na wafanyakazi wa Kiafrika waliofikia mamia kwa msimu, chini ya wasimamizi wao wenyewe, na mashuhuri zaidi kati yao ni Boheti bin Amrani. Walifukua kwa majembe na visu, wakasafisha mfupa kwa uangalifu wa fundi, wakaufunga kwa plasta au kuubana ndani ya vipande vya mianzi vilivyofungwa pamoja, kisha wapagazi wakaubeba kwa mguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwa njia hiyo. Miaka 100 baadaye baadhi ya mizigo ile ya mianzi ilikuwa bado haijafunguliwa katika ghala la Berlin, na fundo lililofungwa na mkono wa mtu wa kusini likiwa palepale.

Watu hao walikuwa wametoka kwenye msiba. Vita vya Maji Maji vilifika nchi ya Wamwera mwaka 1905, na nyuma yake ikaja njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Aliyekubali kubeba mfupa wa mjusi mwaka 1909 alikuwa mtu aliyesalimika juzijuzi. Makala ya jarida lolote la wakusanyaji yanayosifu kisanamu cha Giraffatitan bila kulijua hilo yamesifu nusu ya kitu.

Angalia pia majina yalivyogawiwa. Giraffatitan brancai amebeba jina la Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Dicraeosaurus hansemanni amebeba la David von Hansemann, aliyesaidia kukusanya fedha za msafara. Elaphrosaurus bambergi ni wa Paul Bamberg, mfadhili. Dysalotosaurus lettowvorbecki, aliyepewa jina mwaka 1919, anamtukuza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye miaka miwili kabla alipigana Mahiwa, hapohapo Lindi, katika vita vilivyokomba chakula na vijana wa kusini nzima. Ilibidi kusubiri hadi 2007 ndipo Boheti alipokumbukwa, kwa Australodocus bohetii. Na mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake walichunguza upya pingili za mkia zilizokuwa zimewekwa chini ya jina jingine, wakaona ni za mnyama wa peke yake, wakamwita Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, na Mohammadi Keranje, mtu aliyeugundua. Ndugu wa karibu wa mnyama huyo wanajulikana kutoka China.

*"Miaka 100 baadaye baadhi ya mizigo ile ya mianzi ilikuwa bado haijafunguliwa, na fundo la mkono wa mtu wa kusini likiwa palepale."*

Wanaopinga

Pingamizi la kwanza litatoka nyumbani: Tendaguru iko wilaya ya Lindi, Ruangwa na Nachingwea zinaingiaje? Jibu ni kwamba mipaka hii ya wilaya haikuwepo wakati mifupa inabebwa. Wamwera hawakuwa na Ruangwa yao, Nachingwea yao na Lindi yao. Walikuwa na nchi yao, na mnyama wa 2019 amepewa jina la watu hao bila kuulizwa wamelala wilaya ipi. Tena Ruangwa na Nachingwea ndiko Wamwera wengi walipo leo. Lindi mjini ina bahari na historia ya bandari. Wilaya za bara zina haki ya kushika kitu chenye jina lao.

La pili ni la watu wenye kujali maisha, na linastahili heshima. Mkulima wa Ruangwa anawaza bei ya korosho, ufuta na mbaazi kwenye mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI, anawaza maji na barabara. Midoli ya mijusi itamsaidia nini? Ni kweli haitamjengea kisima. Lakini pingamizi hili lingesimama kama tungekuwa tunamwomba aache korosho. Uchongaji na ufinyanzi ni kazi za msimu ambao shamba limelala, na kisanamu ni bidhaa nyepesi, haiozi, haisubiri meli, na thamani yake haiporomoki kwa mvua ya Novemba. Nachingwea yenyewe inajua upande wa pili wa mambo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, ulileta matrekta na reli kutoka pwani kwa ajili ya zao ambalo halikuja, na reli ikang'olewa. Funzo la mkasa ule ni kuanza na kitu ambacho mikono iliyopo inakiweza.

La tatu ni la kisheria. Umbile la mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita si mali ya mtu, wala hakuna hakimiliki ya mifupa. Schleich ya Ujerumani, CollectA au Safari Ltd hazina deni lolote mahakamani kwa kutengeneza Kentrosaurus. Hilo linakubalika kabisa. Ila viwango vya wakusanyaji havikuwahi kuwa viwango vya mahakama. Hakuna sheria inayolazimisha kisanamu kiwe 1 kwa 40, wala inayokataza ukucha wa tano. Wakusanyaji wamevidai hivyo kwa sababu wanataka ukweli, na viwanda vimetii kwa sababu wanunuzi wamedai. Neno "Tendaguru, Tanzania" likidaiwa kwa sauti hiyohiyo, litaandikwa. Gharama yake ni herufi chache kwenye kalibu.

La nne ndilo zito zaidi. Wapo wanaosema tusihangaike na plastiki wakati mifupa yenyewe iko Berlin, kwanza irudi. Suala hilo limefika bungeni zaidi ya mara moja. Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, hayati Augustine Mahiga, alieleza kuwa serikali haitadai mifupa irejeshwe, na kwamba inataka ushirikiano wenye manufaa. Wapo waliokubali, wakitaja gharama za kuhifadhi mifupa mikubwa na dhaifu, na wapo ambao hadi leo hawajakubali. Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea mwezi Novemba 2023 kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, na tangu hapo madai ya kurejesha mabaki yamepata nguvu mpya. Mwandishi wa makala haya anaamini mazungumzo ya mifupa lazima yaendelee. Lakini kuisubiri mifupa ndipo tuanze kumsimulia mjusi ni kuwaachia wengine usimulizi kwa miaka mingine 50. Mtoto wa Nachingwea anayejua Kentrosaurus ni wa wapi, kwa sababu amemshika mkononi darasani, ndiye atakayekuwa mjumbe mzuri zaidi kwenye meza ya mazungumzo siku ikifika.

Udongo, mpingo na kinywe

Kwa hiyo kisanamu cha nyumbani kiweje? Malighafi ya kwanza inayokuja kichwani ni mpingo, mti wa misitu ya Lindi, ambao fundi wa kusini anaujua kwa ndani na nje. Hapa kuna pingamizi la tano, kutoka kwa wahifadhi: mpingo hukua polepole mno, na misitu ya vijiji haijanusurika ili ikatwe kwa ajili ya midoli. Wako sahihi kuhusu miti. Ila sehemu kubwa ya gogo la mpingo linalopasuliwa kwa ajili ya klarineti na zumari za Ulaya hubaki vipande, kwa sababu mtengeneza ala anataka kipande kisicho na ufa wala kovu. Kentrosaurus wa sentimita 11 hahitaji gogo. Anahitaji masalia, na ufa mdogo kwenye ubavu wa mjusi haumpunguzii kitu. Shida yake halisi ni miiba. Kuichonga pamoja na mwili katika kipande kimoja ni kuialika ivunjike. Ni bora ichongwe pembeni na kuchomekwa kwenye matundu, mmoja mmoja, ili ukivunjika ubadilishwe. Kisanamu cha namna hiyo kingekuwa na faida ambayo vya plastiki havina: mwiba wa ziada unaweza kuhamishwa kutoka nyongani kwenda begani, na mwalimu akaeleza kwa mkono jinsi elimu inavyosahihishwa.

Wapo watakaosema mchongaji akichonga dinosaria ameacha mila. Mila ya uchongaji wa kusini haijawahi kusimama mahali pamoja. Mtindo wa shetani, ambao leo watalii wanaudhani ni wa kale, unahusishwa na Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde, na ulishika soko Dar es Salaam miaka ya 1950 kuelekea 1960, mfanyabiashara Mohamed Peera alipoupenda na kuununua. Kizazi kimoja kilibuni, kilichofuata kikaita urithi.

Malighafi ya pili ni udongo, na hii ndiyo inayofaa shule, kwa kuwa watoto wa vijiji vyetu wamekuwa wakifinyanga ng'ombe na magari bila kufundishwa na mtu. Ya tatu ni ya Ruangwa hasa. Wilaya hiyo ina madini ya kinywe, na mgodi wa Lindi Jumbo uko humo. Kinywe kinafikiriwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme, lakini wafinyanzi wa Buganda wamekipaka vyungu vya kifalme kwa vizazi vingi. Chungu kikisuguliwa kwa kinywe hupata weusi unaong'aa kama chuma. Kentrosaurus wa udongo wa Nachingwea aliyesuguliwa kwa kinywe cha Ruangwa atakuwa na ngozi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuinunua kwa kopo la rangi, na mkusanyaji wa Tokyo atajua mara moja kuwa hajawahi kuona cha namna hiyo. Hazihitajiki tani. Kilo chache zinatosha darasa zima mwaka mzima.

*"Kentrosaurus wa udongo wa Nachingwea, aliyesuguliwa kwa kinywe cha Ruangwa, atakuwa na ngozi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuinunua."*

Kuna hatari moja ambayo lazima itajwe mapema. Vinyago vya kusini vimeharibiwa soko na kunakiliana: mmoja akiuza twiga, wiki ijayo kuna twiga mia, bei inaanguka na umbo linaharibika. Mjusi akichongwa kwa kukisia atapata kucha tano na mkia wa kuburuza, na mkusanyaji atamkataa kwa haki. Kwa hiyo kabla ya kuchonga, wachongaji wapewe michoro sahihi ya mifupa kwa kipimo cha 1 kwa 40. Makumbusho ya Berlin, yenye mifupa na wataalamu, yanaweza kuitoa kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na kile yalichopokea. Huo ndio ungekuwa ushirikiano wenye sura, na maofisa wetu wanaweza kuudai kwa barua moja.

Wamweracaudia ni jaribio gumu zaidi. Anajulikana kwa mkia tu, kwa hiyo mwili mzima utakuwa wa kukisia, kwa kuazima kutoka kwa ndugu zake wa China wenye shingo ndefu kupita kiasi. Kampuni zinaweza kufanya hivyo, na hazitakuwa zimekosea zikisema wazi. Lakini warsha ya Ruangwa inaweza kuchagua njia ya uaminifu zaidi: kuchonga mkia peke yake, pingili kwa pingili, zilizounganishwa kwa kamba ili zichezeke. Kingekuwa kisanamu cha vitendo kisichoongeza hata mfupa mmoja usiojulikana, na kingebeba jina la watu waliokichonga.

Fedha za kuanzia zipo kwenye utaratibu uliopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na SIDO ina kazi ya kuhudumia viwanda vidogo kama hivi. Kinachotakiwa ni uamuzi. Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea zitangaze shindano moja la pamoja kwa wachongaji na wafinyanzi: Kentrosaurus wa sentimita 11 na mkia wa Wamweracaudia, kwa michoro iliyothibitishwa. Washindi wapewe meza kwenye maonesho ya Nane Nane katika uwanja wa Ngongo, Lindi, bei ziandikwe wazi, na seti moja ipelekwe kila shule ya sekondari ya wilaya hizo mbili kabla ya kuuzwa hata moja nje.